Uhuru wa Magazeti Hupimwa Malili, Si Nairobi

Kila ifikapo tarehe 3 Mei, waandishi wa habari hapa Kenya huungana na wenzao wa ulimwengu kuadhimisha Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari. Asili ya siku hiyo ni barani Afrika, na hili ni jambo la kujivunia: mwaka 1991 waandishi wa Kiafrika walikutana mjini Windhoek, Namibia, wakatoa azimio la kudai magazeti yaliyo huru, yanayojitegemea na yenye sauti nyingi; mwaka 1993 Umoja wa Mataifa ukaitangaza tarehe ya azimio hilo kuwa siku ya dunia nzima. Hata hivyo, hotuba zitolewazo siku hiyo zina kasoro moja isiyokoma. Huuzungumzia uhuru huu kana kwamba ni mali ya watu wawili tu, mwandishi na mwanasiasa, ambao wanavutana kamba huku mwananchi akitazama. Mkulima, mchuuzi na mwanafunzi hutajwa mwishoni, pale mzungumzaji anapotafuta namna ya kushuka jukwaani.

Sisi twashikilia kwamba mizani hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Uhuru wa magazeti haupimwi kwa ukali wa maneno ambayo mhariri wa Nairobi aweza kumrushia waziri. Hupimwa kwa jambo dogo zaidi na gumu zaidi: je, mkazi wa Malili aweza kupata, kwa lugha anayoielewa na kabla mambo hayajaharibika, habari za kweli juu ya ardhi yake, maji yake na chakula chake?

Malili hatukuichagua kwa kubahatisha. Ni kituo kidogo cha biashara katika kaunti ya Makueni, yapata kilomita 60 kutoka Nairobi, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa. Abiria wengi hukijua kwa kupitia dirisha la basi tu. Lakini ni hapo hapo ambapo Serikali ilinunua ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, na ni hapo ambapo Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wake mnamo Januari 23, baada ya mipango ya miaka kadhaa, katika mwaka wa 2013. Leo pana kituo cha taifa cha kuhifadhi data, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa mwaka 2023, kina makao yake huko. Habari za nchi nzima zimehifadhiwa Malili. Swali letu ni kama wakazi wa Malili nao wana habari zao wenyewe.

Barabara ipitayo hapo ina kisa chake katika historia ya magazeti yetu. Mwaka 1992 Pius Nyamora, mhariri wa jarida la Society, na mkewe Loyce walishtakiwa kwa kosa la uchochezi. Walikuwa wakiishi na kufanya kazi Nairobi, lakini kesi ikapelekwa katika mahakama ya Mombasa, karibu kilomita 500 kutoka ofisini kwao. Asiyeijua hila ya enzi hiyo atashangaa. Adhabu ilikwisha kutolewa kabla ya hukumu: nauli, malazi, siku za kazi zilizopotea na uchovu wa safari isiyokwisha. Mwandishi hakuhitaji kufungwa. Alitoshwa na barabara.

Hicho kilikuwa kisa kimoja katika mlolongo mrefu. Jarida la Beyond, lililotolewa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipigwa marufuku baada ya kueleza udanganyifu katika uchaguzi wa kupanga foleni wa mwaka 1988, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo, si kwa uongo aliouandika bali kwa kutowasilisha taarifa za mauzo. Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara lilipigwa marufuku mwaka 1990. Mwaka 1993 polisi walivamia kiwanda cha uchapaji cha Fotoform jijini Nairobi na kuzifanya mashine zake zisifanye kazi, kwa sababu kilichapa majarida yasiyopendeza wakubwa. Wanafunzi wanaosoma kwamba kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kilifutwa Desemba 1991, wasidhani kwamba kalamu ziliwekwa huru siku hiyo hiyo. Sheria ya uchochezi iliondolewa mwaka 1997 tu, katika mapatano ya vyama vya bungeni kabla ya uchaguzi.

Tangu hapo tumepata mengi. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34, na haki ya raia kupata habari katika kifungu cha 35. Mazoea, hata hivyo, hayafi kwa saini. Machi 2006 askari waliofunika nyuso walivamia Standard na KTN usiku, wakachoma magazeti na kuzima matangazo, na waziri wa usalama akajitetea kwa mfano wa nyoka anayeuma akichokozwa. Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya kuonyesha kuapishwa kwa Raila Odinga. Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati.

Lakini tazama, ewe msomaji: visa hivi vyote vilitokea pale penye kamera, na vyote vikajulikana siku hiyo hiyo. Nyamaza-nyamaza inayoua watu haitokei mbele ya kamera. Kwa jambo hili hatuna budi kuuangalia mlo wa Ukambani.

Wakamba huzipa njaa majina. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye. Ile ya mwanzo wa miaka ya 1980 iliitwa Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, na kilichoshikwa ni pesa. Mtu alikuwa na noti mkononi na duka lilikuwa tupu. Jina hilo ni habari kamili, tena iliyoandikwa na watu ambao hawakuwa na gazeti. Na ndani yake mna swali ambalo redio ya taifa ya siku zile, Sauti ya Kenya, haikuwa na desturi ya kuliuliza: mahindi yako wapi, na nani aliyaondoa? Mwanauchumi Amartya Sen, mzaliwa wa India aliyetunukiwa Nobel mwaka 1998, amelifanya jambo hili kuwa nguzo ya mafundisho yake. Anasema njaa kubwa ya kuangamiza watu haijapata kutokea katika nchi yenye uchaguzi wa kweli na magazeti huru, kwa kuwa mtawala anayejua atasomwa kesho hulazimika kufungua ghala leo. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto Bengal njaa ilipoua mamilioni ya watu mwaka 1943, chini ya utawala wa Kiingereza, na anakumbusha jinsi gazeti la The Statesman la Calcutta lilivyoleta msukosuko lilipochapisha picha za wenye njaa ambazo wakubwa hawakutaka zionekane.

Hoja ya Sen ni nzito, ila ina mpaka wake, na mpaka huo umepita katikati ya Makueni. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado imeijumuisha Makueni, wagonjwa 20 walilazwa wakiwa na maradhi makali ya ini. Kumi na wawili wakafa. Madaktari wakachunguza, wakagundua kuwa wagonjwa walikuwa wamekula mahindi yaliyoota ukungu, na ndani ya ukungu huo mlikuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Matokeo ya uchunguzi wao yalichapishwa mwaka 1982 katika The Lancet, jarida mashuhuri la udaktari la London. Kazi hiyo ilistahili sifa, na ilipata sifa.

Miaka 23 baada ya vifo vile, mwaka 2004, sumu ile ile ilirudi katika nchi ile ile. Watu 317 waliugua, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui, na 125 wakafariki dunia. Mahindi yalikuwa ya shambani kwao, yaliwekwa kabla hayajakauka vyema. Watafiti walipochukua mahindi kutoka masoko 65 ya sehemu hizo, zaidi ya nusu ya vipimo vilizidi kiwango cha sumu kinachoruhusiwa na sheria ya Kenya. Kwa hivyo hata aliyetupa yake na kwenda sokoni aliweza kununua kifo kingine.

Hatusemi kwamba hakuna afisa wa kilimo aliyewahi kutamka neno juu ya kukausha mahindi. Tunauliza jinsi maarifa yalivyosafiri. Yaliondoka Machakos yakafika London kwa muda wa mwaka mmoja. Kutoka London kurudi Makueni hayakufika katika miaka 22, angalau si kwa nguvu ya kumfanya mama wa nyumbani ayatazame magunia yake kwa mashaka. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo redio ilikuwa moja, na taarifa yake ya habari ilianza kwa kueleza alikokwenda Rais siku hiyo na nani alimlaki. Magazeti nayo yalijishughulisha na nani kafukuzwa chamani. Mahindi mabichi hayana picha ya kutisha. Yanakaa kimya ndani ya gunia. Ndipo tunaposema kwamba gazeti lisilopigwa marufuku laweza bado kuwa gazeti lisilofanya kazi yake, na kwamba uhuru wa kuandika usipoambatana na hamu ya kuyafuata mambo yasiyo na kelele, faida yake kwa mkulima ni haba. Mwaka 2011 picha za watu wa Turkana wakiteseka kwa njaa ziliamsha nchi nzima, na Wakenya wakachanga kwa ukarimu mkubwa. Picha ndizo zilizofanya kazi hiyo. Kwa sumu isiyopigwa picha, nani atachanga?

Tabia hii ya kufuata kishindo tuliiona tena Makueni baada ya ugatuzi. Serikali ya Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti zilikuwa zikizozana kuhusu bajeti kwa muda mrefu. Mnamo Septemba 2014 risasi zilipofyatuliwa Wote, kila gazeti lilikuwa na habari katika ukurasa wa kwanza. Tume ikaundwa chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ikapendekeza kaunti ivunjwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo. Wasomaji walijua nani alipigwa risasi. Ni wachache walioelezwa, kwa lugha nyepesi na kwa tarakimu, fedha zilizogombaniwa zilikuwa za shughuli zipi.

Tuirudie Malili sasa. Kununuliwa kwa ranchi hakukuwa siri, na mradi wa Konza ulipigiwa vigelegele vya kila namna. Ila mizozo ya wanachama wa ranchi kuhusu fedha za mauzo ilifika magazetini baada ya mkataba kwisha kutiwa sahihi, wakati habari haiwezi tena kubadili jambo, bali yaweza tu kulisikitikia. Kisha likatengwa eneo la kilomita 10 kuuzunguka mji huo, ambamo ujenzi uliwekewa masharti. Mwenye kipande chake humo alihitaji kujua mambo manne: masharti hayo ni yapi, yameandikwa wapi, yataisha lini, na fidia ipo au haipo. Haya si mambo ya kumtia waziri hasira. Hayahitaji ujasiri wa Imanyara. Yanahitaji mwandishi mmoja mwenye nauli ya kufika Malili, na muda wa kusoma ramani na hati, na mhariri atakayempa nafasi hata kama siku hiyo wanasiasa wametukanana mazishini.

Na mwandishi huyo yuko wapi? Ripota wa mashinani kwa kawaida si mwajiriwa. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na isiyochapishwa ni hasara yake. Kwa malipo hayo, habari ya siku tatu katika ofisi ya ardhi ni anasa. Bahasha ya afisa ni jirani. Tunajua kwamba wapo wanaoipokea, na tunawalaumu. Lakini wenye makampuni wanaowalaumu pia wajiulize wamewawekea nini mkononi badala yake. Isitoshe, hatari kubwa zaidi humkabili huyu huyu. Francis Nyaruri, aliyeandikia Weekly Citizen kutoka Nyamira, aliuawa Januari 2009 baada ya kuandika kuhusu ufisadi katika ujenzi wa nyumba za polisi. John Kituyi, mhariri wa Mirror Weekly la Eldoret, aliuawa Aprili 2015. Ng'ambo ya mpaka, Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyefuatilia mauaji ya Kibiti katika mkoa wa Pwani, alitoweka Novemba 2017 na hajaonekana tena. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na afisi katika jumba la ghorofa. Walikuwa watu wa mahali, waliojulikana nyumba zao.

Iko pia mbinu isiyotumia rungu wala risasi. Mwaka 2002 Bunge lilipandisha dhamana ya mchapishaji wa gazeti kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni moja. Kiasi hicho hakimtikisi tajiri wa Nairobi. Humzuia mwalimu mstaafu wa Wote au Mwingi anayetaka kuchapa kurasa nne za habari za kaunti yake. Baadaye yakaja matangazo. Mwaka 2015 Serikali iliyaweka matangazo yake yote chini ya idara moja, na mwaka 2024 likatoka agizo kwamba yale ya redio na televisheni yapelekwe KBC pekee. Mwenye kushika mfuko wa matangazo hahitaji kumpigia mhariri simu. Mhariri hujipigia mwenyewe.

Wapo watakaotujibu kwamba nchi changa ni kama nyumba ya makuti, na uhuru wa maneno ni moto. Watataja Rwanda, ambako redio ya RTLM ilichochea mauaji ya 1994. Mfano huo ni wa kweli, lakini wautumiao huusoma kinyume. RTLM haikuwa sauti ya mnyonge iliyoponyoka. Iliasisiwa na watu wa karibu na utawala, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani waasisi wake. Walioangamia walikuwa wale ambao hawakuwa na redio ya kujibu. Redio zetu za Kikamba, kama Musyi, Mbaitu na Athiani, zina nguvu kubwa ya kuwafikia watu ambao gazeti haliwafikii, na nguvu hiyo yaweza kupotoka. Dawa yake ni mahakama, ni maadili ya kazi, na ni kuwa na sauti zaidi ya moja. Kuzima haijawa dawa popote.

Kwa walimu na wanafunzi tuna neno mahususi. Gazeti limekuwamo darasani mwetu miaka mingi, kwa ufahamu na kwa ufupisho, na hilo ni jema. Lakini mwanafunzi hufundishwa kulisoma kama chemchemi ya msamiati, si kama shahidi wa kuhojiwa. Aulizwe pia: habari hii ilitoka kwa nani? Nani hakuulizwa? Mbona wilaya nzima haikutajwa mwezi mzima?

Na asingoje gazeti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 humruhusu raia yeyote kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila kueleza sababu. Ofisi hutakiwa kujibu katika muda wa siku 21, na katika saa 48 ikiwa habari hiyo yahusu uhai au uhuru wa mtu. Ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi kama hilo ni ile ile barua rasmi inayofundishwa shuleni, yenye anwani mbili, mtajo na mintarafu. Mwalimu aliye karibu na Malili aweza kuitoa kuwa zoezi la wiki hii: darasa liandike kwa mamlaka ya Konza kuuliza masharti ya eneo la kilomita 10 ni yapi hivi sasa, na yanapatikana katika hati gani. Darasa la Kibwezi au Mutomo liandike kwa kaunti yake kuuliza mahindi ya sokoni yalipimwa sumu lini mara ya mwisho, na matokeo yalikuwaje. Mwalimu atie sahihi, nakala moja ibaki shuleni, na tarehe ya kupokelewa iandikwe ubaoni, ili siku 21 zihesabiwe.